Fungua Shaba Kwanza: Mhadhara kuhusu Samani za Kifaransa za Laka na Shaba

Historia nairuka. fundi Jean Dunand kufundishwa laka, ule mpako mgumu unaong'aa, na Sugawara, fundi Mjapani, mwaka 1912, Maison Jansen, nyumba ya mapambo ya Paris, tangu 1880, makabati meusi yenye kingo za shaba ya miaka ya 1970: hayo mnayajua. Narudi palepale mliponichoka. Msing'arishe shaba ikiwa bado imeshika kwenye mbao!

Dawa ya kung'arishia ina unga wa kusugua na, aghalabu, amonia. Unga hauchagui. Ukivuka ukingo unakwangua laka, na kwenye weusi ule utepe uliofifia wa milimita mbili unaonekana tangu mlangoni. Mabaki yanajificha pembeni, yakikauka yanakuwa meupe kama chokaa. Amonia nayo inaila shaba yenyewe, hasa ilipokunjwa, mpaka ipasuke.

Najua kuna anayenong'ona kwamba bibi alisugua masinia kwa ndimu na majivu yakang'aa. Yaling'aa, ndiyo. Sinia lina laka wapi? Tena ndimu ni tindikali: inaondoa zinki iliyochanganywa kwenye shaba ya manjano, ikabaki na mabaka mekundu. Bibi tumwache apumzike.

Basi, fungua. Piga picha, chora droo zote, kila kishikio kipe namba na skrubu zake zikae kwenye mfuko wake, maana skrubu ya droo ya pili haitaki tundu la tatu. Bapa la bisibisi lijaze mfereji wa skrubu wote, kwa upana na kwa unene. Jembamba linateleza, na likiteleza linachora laka mstari usiofutika. Skrubu ikigoma, ikaze kidogo sana kwanza, ndipo uilegeze. Ukiilazimisha kichwa kinakatika, kwa kuwa shaba ni laini, na shina linabaki mbaoni. Hapo mtaanza kutoboa na keekee, jambo ambalo sitaki hata kulifikiria.

Ukingo uliogandishwa kwa gundi hauondoki. Ufute kwa kitambaa kikavu, uzee wake uukubali.

Lakini kabla ya yote hayo, sumaku. Ikinasa, hiyo si shaba, ni chuma kilichovikwa tabaka la shaba la mikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Ukisugua unafika chumani na kutu inaanza. Isiponasa usishangilie bado: zinki iliyomiminwa nayo haivutwi.

Laka kwa haraka, naonyeshwa saa. Kujua ni ya aina gani, jaribuni mahali pasipoonekana, kwa ncha ya pamba yenye asetoni: laka ya nitroselulosi inalainika mara moja, ya poliesta iliyokauka inastahimili, urushi, laka ya Kijapani ya utomvu wa mti, haiyeyuki. Ila urushi iliyokwisha kupigwa na jua miaka mingi, hata maji msiipe. Ina nyufa msizoziona.

Nta tutaizungumza siku nyingine. Wenye bisibisi zisizojaza mfereji waje nazo hapa mbele, nina tupa.