Nyumba Imebaki na Mama: mhadhara kwa kina mama wa Lamu

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu.

Nianze na wikio. Nani kati yetu hajapita chini ya wikio hapa mjini, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili? Zamani binti wa Mkomani, mtaa wetu wa nyumba za mawe, akiolewa hakuhama kwa mamake. Mume ndiye aliyehamia. Baba alimwongezea binti ghorofa juu, au nyumba ng'ambo ya njia, na kwa wikio mama na mwana wakaonana bila kushuka chini. Bibi zetu walizeeka wakisikia nyayo za wajukuu darini.

Ndiyo maana kuondoka kwa watoto kunatuuma. Wanetu wanavuka hadi Mokowe, gati la bara, wanapanda basi, wanashukia Mombasa, Nairobi, wengine wanafika Ghuba. Ndiyo riziki tuliyowaombea. Lakini nyumba iliyonyamaza bibi zetu hawakuijua, basi hawakutuachia desturi ya kuishi ndani yake. Anayelia usiku asijione dhaifu. Hakuna aliyemfunza.

Wangu wa mwisho alipoondoka, niliulizwa na jirani napenda kula nini, anipikie. Sikuwa na jibu. Miaka yote nilipika walichopenda wao. Swali hilo dogo lilinifanyia kazi kuliko nasaha zote nilizopewa, na nawaomba mjiulize nyote: chakula, darsa, safari ya kumzuru ndugu, kusoma ulikokatiza ulipoolewa. Wengi wetu hushona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, kazi ya miezi, na pesa yake ilikwenda kwenye ada za shule. Ada zimekwisha. Pesa hiyo sasa ni yako, itumie bila kuona haya.

Na afya. Umri huu ndio hedhi inakoma: joto la ghafla, usingizi kukatika, moyo kwenda mbio. Si kila kitu ni kuwakumbuka watoto. Nendeni hospitali, mpimwe na presha pia.

Jambo lililonileta hasa ni nyumba. Nyumba nyingi za mji huu zimeshanunuliwa na wageni, na mama aliyebaki peke yake hufikiwa upesi na wanunuzi. Watoto nao, kwa mapenzi, humwambia auze awafuate. Huenda ni sawa. Lakini mjane ana eda, miezi 4 na siku 10, na mji mzima unaiheshimu. Sifananishi safari na mauti, Mungu awahifadhi wanetu. Nasema tu kwamba mama aliyeachwa na watoto hakuwekewa muda wowote wa kutulia. Basi tujiwekee wenyewe, usiopungua huo, kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Nyumba ikiwa kwa jina lako ni mali yako ungali hai. Mwana akiharakisha, mjibu kwa upole: mwanangu, bado nafikiri.

Sasa nawasikiliza. Mwenye swali la hati za nyumba aanze, maana najua mko.