Bidhaa ipi inakulipa? Tumia SUMIFS kwenye daftari lako la mauzo

Haya, fungua Excel au Google Sheets, fomula za leo zinafanya kazi kote kuwili. Bidhaa inayotoka sana dukani siyo lazima iwe ndiyo inayokulisha. Jibu usimngoje mhasibu, limo kwenye mauzo unayoandika kila siku.

Tuanze na mpangilio. Mstari wa kwanza weka vichwa: A Tarehe, B Bidhaa, C Idadi, D Bei ya kuuza, E Bei ya kununua, F Mauzo, G Faida. Kila mauzo na mstari wake. Usiweke jumla katikati, usiunganishe seli ili zipendeze. Na kwenye bei andika 3000 tu. Ukiandika 3,000/= kama tulivyozoea kwenye risiti, kompyuta inayaona maneno, siyo namba. Utajua kwa macho: namba hukaa kulia mwa seli, maneno hukaa kushoto.

Bofya F2, andika =C2*D2, Enter. G2 andika =C2*(D2-E2), Enter. Sasa chagua F2 na G2 pamoja, tazama kona ya chini kulia, kuna kidoti. Peleka mshale pale juu yake mpaka ugeuke msalaba mwembamba, kisha bofya mara mbili. Umeona? Fomula zimeshuka zenyewe mpaka mwisho.

Twende pembeni, kolamu ya I. Orodhesha bidhaa zako kuanzia I2, kila moja mara moja tu. J2 andika:

=SUMIFS(F:F,B:B,I2)

Isome kama unavyomwagiza kijana wa dukani: jumlisha mauzo yaliyo F, ila pale tu B imeandikwa kilichopo I2. K2, kwa faida, ni =SUMIFS(G:G,B:B,I2). L2 ni =K2/J2, yaani faida ni sehemu gani ya mauzo, halafu bofya alama ya asilimia. Shusha zote. Kwa mlio Bujumbura au Goma, ikiwa Excel yako ni ya Kifaransa, SUMIFS inaitwa SOMME.SI.ENS, na badala ya koma unaweka nukta-mkato.

Tazama mfano wangu. Sukari kilo 40, nimenunua 2,850 nimeuza 3,000: mauzo 120,000, faida 6,000, yaani asilimia 5. Sabuni ya mche 12, nimenunua 2,900 nimeuza 3,500: mauzo 42,000, faida 7,200, asilimia 17. Mauzo ya sabuni hayafiki hata nusu ya sukari, lakini faida yake imeipita. Sisemi uache sukari, maana ndiyo inayomleta mteja mlangoni. Nasema sabuni isiishe dukani.

Hapa nisikilize vizuri. Nilikaa na mama mmoja mwenye duka, jumla yake ya sukari ikawa pungufu kwa 36,000. Tulitafuta mpaka jioni. Kumbe mistari kadhaa iliandikwa "Sukari" ikifuatwa na nafasi tupu, ambayo jicho halioni. SUMIFS haijali herufi kubwa au ndogo, lakini nafasi inaijali. Dawa yake: kolamu tupu, H2, andika =TRIM(B2), ishushe, nakili matokeo, uyabandike juu ya B kama thamani tu, siyo fomula. Kisha futa H. Ili lisijirudie, ichague kolamu B, nenda Data, Data Validation, uweke orodha ya bidhaa. Kuanzia hapo muuzaji anachagua, haandiki.

Sasa mwezi. N1 andika tarehe ya kwanza ya mwezi, mfano 1/6/2025. Rudi K2, ibadilishe iwe:

=SUMIFS(G:G,B:B,I2,A:A,">="&$N$1,A:A,"<"&EDATE($N$1,1))

EDATE inasogeza tarehe mwezi mmoja mbele, kwa hiyo huhitaji kukumbuka mwezi una siku 30 au 31. Alama za dola zinaishikilia N1 isihame ukishusha fomula. J2 ifanyie vivyo hivyo, ila iache F:F mwanzoni, kisha zishushe zote mbili tena. Ukipata sifuri wakati mauzo yapo, chunguza tarehe: kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inaisoma 1/6 kuwa Januari 6. Badilisha mpangilio wa nchi, kisha ziandike upya tarehe zilizokosewa.

Mwezi ukiingia mwingine, gusa N1 peke yake, andika 1/7/2025, Enter.