Kuusoma Unga: Mhadhara juu ya Kupekecha Moto

Mabibi na mabwana,

Vijiti viwili mnavyoviona hapa mezani vina majina yake. Hiki chembamba kilichonyooka, chenye urefu wa nusu mita hivi na unene wa kidole kidogo, ni ulindi. Kibao hiki bapa kitakacholazwa chini ni ulimbombo. Kazi yenyewe ni kupekecha, yaani kuuzungusha ulindi baina ya viganja juu ya ulimbombo mpaka msuguano uzae kaa la moto. Maelezo hayo yanatosha kwa kamusi, lakini hayajapata kumwashia mtu moto.

Anayeanza huutazama moshi. Amelelewa na methali kwamba pafukapo moshi pana moto, kwa hiyo moshi ukianza tu kufuka huona amefika, huacha kupekecha, na moshi nao hutoweka. Katika ufundi huu methali hiyo hudanganya. Cha kutazamwa ni unga laini unaosagika pale vijiti vinapokutana, kwa kuwa unga huo ndio utakaoshika moto. Vijiti vyenyewe havitawaka.

Ndiyo maana ulimbombo hukatwa pengo. Kwanza hupekechwa kishimo kifupi mpaka kiungue na kuwa cheusi, kisha pembeni mwake hukatwa pengo lenye umbo la kabari, takriban sehemu moja ya nane ya duara, ambalo ncha yake hukaribia kitovu cha kishimo bila kukifikia. Unga hudondokea humo na kurundikana, na kwa kuwa mti haupitishi joto kwa urahisi, joto husalia ndani ya rundo huku hewa ikiingia kupitia upande ulio wazi. Rundo likifikia nyuzi 400 hivi za Selsiasi, huanza kuungua lenyewe. Pasipo pengo, unga hutawanyika kando na kupoa, na mpekechaji anaweza kutoka jasho hadi usiku wa manane.

Unga husomwa kwa rangi na kwa mguso. Ukiwa wa kahawia hafifu, joto bado halitoshi, na kasi haina budi kuongezwa. Ukiwa na nyuzinyuzi nene, mikono inakandamiza kuliko inavyozungusha. Ukiwa laini na umeiva kuelekea weusi, hapo ndipo pa kutia nguvu zote zilizowekwa akiba. Na ukikoma kabisa, vijiti vikaanza kulia kwa mlio mwembamba, basi ncha imejisugua mpaka ikang'aa. Ikwaruzeni, au mtie punje chache za mchanga kishimoni.

Kuhusu miti sitakaa sana. Ulimbombo uwe mwepesi, kiasi cha ukucha kuweza kuacha alama, na tawi lililokauka likiwa bado juu ni bora kuliko lililookotwa chini, kwani ardhi hurudisha unyevu.

Mikono ndiyo shida. Viganja hushuka kadiri vinavyokandamiza; vikifika chini, kimoja huushikilia ulindi kishimoni wakati kingine kinapanda, kwa maana ukiinuka hata kidogo joto hupotea na unga humwagika. Siku zangu za mwanzo nilikazana tangu mzunguko wa kwanza, nikapata malengelenge kabla ya kaa. Leo huanza taratibu, nikikausha na kupasha moto vijiti tu.

Kaa linapatikana pale mnapoacha kupekecha na rundo likaendelea kufuka lenyewe. Msiliharakishe. Lipeni kama dakika moja lishikamane, kisha lihamishieni ndani ya nyuzi kavu za magome zilizofinyangwa mfano wa kiota, mpulize kwa pumzi ndefu na ya upole mpaka mwali uchomoze.

Sasa nitavua viatu, maana ulimbombo hukanyagwa kwa mguu ili usicheze, na nawaomba walio mstari wa mbele wasogee nyuma kidogo.