Bepe: mfupi aliyetawala hewani

Ndugu zangu makocha wa vijana, nimeombwa nizungumzie washambuliaji, nami nimemchagua Bambang Pamungkas wa Indonesia. Kwao wanamwita Bepe. Nimemchagua kwa sababu ya kimo chake: sentimita 171, na bado sifa yake kubwa ilikuwa mabao ya kichwa. Kila msimu tunawarudisha watoto nyumbani eti ni wafupi. Jambo hilo linaniuma sana.

Tazameni anavyoruka. Krosi ikipigwa, hasimami chini ya mpira kuungoja. Anarudi hatua mbili tatu nyuma ya beki, anakuja kwa kasi, anaruka mapema. Beki anapoanza kunyanyuka, Bepe tayari yuko juu, shingo imevutwa nyuma kama upinde. Hapo urefu wa beki unamsaidia nini?

Alizaliwa 1980 upande wa Semarang, Java ya Kati, akalelewa kisoka katika kituo cha Salatiga. Persija Jakarta ilimchukua 1999, na msimu wake wa kwanza tu akawa mfungaji bora wa ligi. Mwaka 2001 wakatwaa ubingwa kwa kuifunga PSM Makassar 3-2, yeye akitia mawili.

Mwaka 2002 ndio unaonigusa zaidi. Katika Kombe la Tiger, michuano ya Asia Kusini-Mashariki, alifunga mabao 8, akawa mfungaji bora. Fainali ikapigwa Jakarta, uwanja wa Gelora Bung Karno. Indonesia ikatanguliwa 2-0 na Thailand, ikasawazisha, ikatolewa kwa penalti mbele ya watu wake. Mabao nane, na kombe likaenda Bangkok.

Mwaka 2005 alihamia Selangor ya Malaysia, iliyokuwa imeshuka daraja la pili. Msimu huohuo walibeba ligi ya daraja hilo, Kombe la FA na Kombe la Malaysia. Fainali ya Kombe la Malaysia waliichapa Perlis 3-0, na mabao yote matatu ni yake.

Halafu Kombe la Asia 2007, Gelora Bung Karno tena, dhidi ya Bahrain, matokeo yakiwa bado 1-1. Dakika ya 64 shuti la mwenzake likarudi uwanjani, na Bepe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuufikia mpira. Safari hii alitumia mguu, lakini hesabu ni ileile ya vichwa: alikuwa ameshaanza kukimbia kabla mpira haujarudi. Indonesia ikashinda 2-1. Haikuvuka makundi, Saudi Arabia iliwaumiza dakika za mwisho kabisa.

Mwaka 2018 Persija ikawa bingwa tena, naye akiwa kikosini, miaka 17 baada ya ule ubingwa wa 2001. Alitundika daluga Desemba 2019, akiwa na miaka 39, jezi namba 20 mgongoni, katika uwanja uleule alikopoteza fainali ya 2002.