Buu anayeiba sumu ya mti
(mhadhara wa jioni, Lamu, nimeuandika nilivyousema)

Haya, assalaam aleikum, mlio nyuma sogeeni kidogo manake hii maikrofoni inakatakata. Leo nawaletea mdudu ambaye hapa Lamu hamtamuona hata mkimtafuta na tochi. Ni mbawakawa, jina lake la kisayansi Chrysomela aeneicollis, kwao ni milima ya Sierra Nevada kule California, juu kabisa, kama mita 3,000 hivi, anakula majani ya wilo, ule mti Waarabu wanaita safsafu. Akiwa mkubwa mgongo ni mwekundu una madoa meusi. Mzuri wallahi, lakini mimi nimekuja kwa habari ya mtoto wake, yule buu mweusi.

Sasa majani ya wilo yana salisini, kitu kichungu, jamaa yake asprini mnayomeza kichwa kikiuma. Wadudu wengi wakionja hapo wanaondoka. Huyu buu anakula tu, halafu salisini inaenda kwenye tezi za mgongoni, ziko jozi 9, huko inavunjwa, sukari inayotoka anaitumia mwenyewe na kinachobaki anakigeuza kuwa salisilaldehidi, harufu kali hiyo. Sisimizi akimsogelea, matone yanatokeza mgongo mzima, sisimizi anageuza njia, na buu anayavuta matone ndani tena, hamwagi hata kidogo. Bakhili kweli kweli!

Mtasema basi huyu kamaliza, atafute wilo yenye salisini nyingi astarehe. La hasha. Kuna adui anayefuata harufu hiyo hiyo. Mmoja wa maadui wa hawa mabuu ni nyigu wa jenasi ya Symmorphus, huyo anamdunga buu akapooza, anambeba mpaka kwenye tundu la mti alikotaga, anawawekea watoto wake. Yaani harufu inayomfukuza sisimizi inamleta mwenye njaa mbio kama paka wetu wakinusa samaki forodhani. Kwa hiyo ule mti wenye sumu nyingi unampa silaha na unamtangaza pia, na mimi sioni aliyepata faida hapo zaidi ya nyigu.

Mengine nipitie haraka, muda umekwenda. Buu akikua anajining'iniza jani akawa pupa, anatoka mkubwa mwisho wa kiangazi, anakula kidogo kisha anajificha ardhini chini ya majani makavu, majira yote ya baridi. Na theluji usidhani inamuua, ikiwa nene ndiyo inamkinga, baridi ya juu haimfikii sana, mwaka wa theluji chache ndio mbaya kwake.

Kaka mmoja hapa kaniuliza, je akiletwa huku atakula mikoko yetu? Hapana kaka, mikoko haina salisini, huyu bila wilo hana chakula wala silaha.