Mabaka Yasiyokwisha: Chanzo Chake Tukitafute Wapi?

Mhadhara kwa akina mama na vijana, Ujiji, Kigoma

Asalaam aleykum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie yale mabaka ya aleji yasiyokwisha, nami nimekubali kwa sababu ninaishi nayo. Wenye nayo humu ndani wanajijua. Unalala mzima, usiku wa manane unaamka mapaja yote yameinuka mabaka, unawashwa kama aliyepita kwenye upupu. Asubuhi ukifika zahanati yameshapotea, mhudumu anakutazama huna hata alama. Jioni yanarudi, safari hii mgongoni. Yakiendelea hivyo zaidi ya wiki 6, madaktari wanayaita sugu.

Sasa, kila mtu atakuuliza, "Umekula nini?" Na hapa kwetu jibu liko tayari: dagaa. Ukiacha dagaa yasiondoke, utaambiwa ni migebuka. Kisha mayai, kisha nyanya, kisha mawese. Nimeona mama anayenyonyesha amebaki na ugali na mchicha wa chumvi, na mabaka yapo palepale. Jambo hili linaniuma sana, maana amejinyima chakula anachokihitaji yeye na mtoto, na hakuna alichopata.

Chakula kinaweza kuleta mabaka, sibishi. Lakini aleji ya chakula ina haraka: mara nyingi hutokea ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula, na hurudi kila ukila kitu kilekile. Yupo pia samaki aliyekaa juani akaharibika, akajaa histamini, ile kemikali inayoifanya ngozi iwashe na kuvimba. Waliomla wanaweza kuwashwa wote pamoja, na kwa kawaida siku hiyo au ya pili yake wamepona. Mabaka ya kila siku, miezi na miezi, ule usile, ni nadra sana yawe yameletwa na chakula.

Kwa wengi wetu anayechokoza ni kinga ya mwili wenyewe. Ndani ya ngozi kuna seli zinazohifadhi histamini. Kinga inazishambulia bila adui yeyote kuingia, zinaimwaga, mishipa midogo inavuja majimaji, ngozi inavimba na kuwasha. Ndiyo maana wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, ambao nao mara nyingi huletwa na kinga kuushambulia mwili, wanapatwa zaidi. Kwa hiyo vipimo vya aleji vikirudi safi, asije mtu akakwambia unajisingizia.

Kuchunguza kuna namna yake. Chukua kalamu, zungushia baka moja, kisha litazame kesho saa ileile. Baka la kawaida litakuwa limeondoka pale, hata kama jingine limetokea kwingine. Likibaki, likawa linauma kuliko kuwasha, likaacha weusi, mwoneshe daktari, kwani huenda mishipa ya damu ndiyo iliyovimba. Halafu geuza kalamu, kwaruza mkono polepole kwa upande usio na wino. Mstari ukiinuka, ngozi yako inachokozwa na msuguano. Angalia mkanda, sidiria, na ile kanga unayoikaza kumbebea mtoto. Wengine ni baridi, wengine ni jasho.

Tazama na dawa. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huyachochea kwa baadhi yetu, nasi tunazinunua dukani kwa ajili ya mgongo bila kuunganisha mambo. Na sisi watu wa ziwani, mabaka yakija pamoja na homa na kikohozi wiki chache baada ya kuoga ziwani, omba upimwe kichocho.

Matibabu ni setirizini au loratadini, dawa za kuizuia histamini, kila siku, usingoje kuwashwa. Zisipotosha, daktari anaweza kupandisha hadi mara 4 ya dozi ya kawaida, usijiongezee mwenyewe. Piriton, dawa ya zamani ya aina hiyohiyo, inalewesha usingizi, dereva wa bodaboda aiogope. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ni ya siku chache tu, ukiizoea inaleta sukari, presha na kudhoofika mifupa.

Ulimi ukivimba, sauti ikibadilika au pumzi ikibana, usisubiri kuche. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mama mmoja ameniuliza kama yataisha. Kwa wengi yanaisha yenyewe, kati ya mwaka 1 na 5, wengine zaidi, na yanaweza kutulia kisha yakarudi. Ukikaa miezi kadhaa bila baka hata moja, rudi kwa daktari mjaribu kupunguza dawa, muone ngozi inasemaje.