Kalamu ya Gavana: Maisha ya Evelyn Baring

Walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya magavana walioitawala Kenya. Walikuwa wengi na saa moja haitoshi, kwa hiyo nimemchagua mmoja. Nimemchagua kwa sababu wazee wetu wanaikumbuka imajensi, yaani Hali ya Hatari ya wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa Waingereza, hadi leo, lakini aliyeitia saini hatajwi. Watu humtaja Kenyatta, humtaja Kimathi aliyeongoza wapiganaji wa Mau Mau msituni, huwataja homgadi, wale walinzi Waafrika wa upande wa serikali. Evelyn Baring amepita katikati ya historia yetu kama msafiri aliyekuwa na safari zake.

Nianze na mazishi. Tarehe 7 Oktoba 1952, Chifu Waruhiu wa Kiambu alipigwa risasi mchana kweupe akiwa ndani ya gari lake. Baring alikuwa na wiki moja tu nchini. Alikwenda kuzika, na ng'ambo ya kaburi lilelile alikuwa amesimama Jomo Kenyatta. Hazikuisha wiki mbili. Jioni ya tarehe 20 Oktoba Gavana alitia saini tangazo la Hali ya Hatari, na kabla ya mapambazuko Kenyatta alikuwa mikononi mwa polisi.

Huyu bwana alitoka wapi? Alizaliwa mwaka 1903 katika ukoo wa Malodi. Baba yake, aliyeitwa Evelyn Baring vilevile, ndiye Lodi Cromer aliyeishikilia Misri kwa niaba ya Uingereza kuanzia 1883 hadi 1907. Cheo chake kule kilikuwa cha balozi mkuu tu, lakini hapakuwa na jambo kubwa Cairo lililopita bila yeye. Mtoto akasomeshwa Winchester, kisha Oxford, akaenda India mwaka 1926 kuwa ofisa wa utawala. Maradhi yakamtoa huko mwaka 1934, na afya haikumtulia tena maisha yake yote. Mwaka 1935 alimwoa Lady Mary Grey, binti wa Earl Grey wa tano, wa ukoo uleule ambao jina lake mnalisoma kwenye paketi za majani ya chai. Mwaka 1942, akiwa bado hajafika miaka 40, alifanywa gavana wa Rhodesia Kusini.

Miaka miwili baadaye akawa Kamishna Mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika, akisimamia Bechuanaland, Basutoland na Swaziland. Hapa naomba tutulie kidogo, maana yaliyotokea Bechuanaland yanatufundisha jinsi alivyofanya kazi. Kijana Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato, alimwoa Ruth Williams mjini London mwaka 1948. Mwafrika na Mzungu. Serikali ya Malan kule Afrika Kusini ilichukia, na Uingereza haikutaka kugombana na Malan. Tume iliyoundwa kuchunguza ilimwona Seretse anafaa kuwa chifu, na ripoti yake ikafungiwa kabatini. Seretse aliitwa London kwa maneno ya mazungumzo, akafika akaambiwa harudi kwao kutawala. Machi 1950 Baring alisafiri hadi Serowe kuutangaza uamuzi huo kwenye kgotla, yaani baraza la wazee na wananchi. Watu hawakuja. Mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza alisubiri kuhutubia uwanja mtupu.

Kwa wale msiojua mwisho wake, Seretse ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Botswana, ndiyo Bechuanaland ya zamani, mwaka 1966.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu aliyetufikia Nairobi Septemba 1952. Alichelewa kufika, kwa kuwa alijiumiza mkono vibaya na shoka akikata mti kwake Howick, kaskazini mwa Uingereza. Gavana Mitchell alikuwa ameshaondoka miezi kadhaa kabla, na nchi ilikuwa inachemka.

Waliofanya naye kazi wanamweleza kama mtu mpole, mwenye adabu, mshika dini, mpenda ndege na miti. Nayaamini hayo, wala sisemi ili kumpamba. Nasema kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza darasani: mwalimu, alikuwa katili? Ukimtafuta Baring mwenye kiboko mkononi humpati. Kazi yake ilikuwa ya mezani. Faili huletwa, huisoma, hutia saini, faili huondoka. Mimi namhukumu kwa zile saini.

Chukueni kesi ya Kapenguria, ambamo Kenyatta alishtakiwa kuongoza Mau Mau. Jaji Ransley Thacker alimhukumu Kenyatta na wenzake watano Aprili 1953, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Jaji huyohuyo alilipwa pauni 20,000 nje ya mshahara wake, na Baring ndiye aliyezipanga. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliungama mwaka 1958 kwamba alidanganya mahakama.

Chukueni vitanzi. Hukumu ya kifo ilipotolewa, Gavana ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusamehe. Kati ya 1952 na 1958 walinyongwa watu 1,090 kwa makosa ya Mau Mau. Naomba wanafunzi mwandike hesabu hii. Waliotiwa hatiani kwa mauaji walikuwa 346. Waliobaki wote, wengi kuliko hao mara mbili, walikufa kwa mengine: 472 kwa kupatikana na silaha au risasi, 210 kwa kuwa pamoja na wapiganaji, 62 kwa kulisha watu kiapo cha Mau Mau.

Haki lazima isemwe kwa pande zote. Mau Mau nao waliua, na wengi waliowaua walikuwa Waafrika wenzao; Lari, Machi 1953, waliteketezwa wanawake na watoto ndani ya nyumba zao. Na masetla, yaani walowezi wa Kizungu, walimsonga Baring kweli. Januari 1953, baada ya familia moja ya Kizungu kuuawa shambani, masetla kama 1,500 waliandamana hadi Nyumba ya Serikali, ambayo leo ni Ikulu. Askari Waafrika walishikana mikono kuwazuia, na Wazungu wale wakawa wanazima sigara kwenye mikono ya askari. Fikiria unachomwa, na ukiachia mkono wa mwenzako mlango unavunjwa. Siku hiyo Sultani wa Zanzibar alikuwa mgeni mle ndani, na kumwona tu mkewe kibarazani kuliwaongezea masetla hasira. Baring hakutoka kuwakabili.

Halafu ikaja operesheni ya Anvil, Aprili 1954. Nairobi ilizingirwa, mtaa baada ya mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa na kupangwa foleni. Mbele ya foleni alikaa mtu aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia. Ulipita mbele yake bila yeye kusema neno. Akitikisa kichwa, unapelekwa upande wa malori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini kwa namna hiyo, bila kesi. Vijijini, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vya lazima zaidi ya 800, vyenye mahandaki na seng'enge, na waliochimba mahandaki yale wengi walikuwa akina mama.

Kulikuwa na waliomwonya. Arthur Young aliletwa kutoka London mwaka 1954 kuongoza polisi, akaona watu wanateswa na wanaotesa hawashtakiwi. Alimweleza Gavana, hakusikilizwa, akajiuzulu mwaka haujaisha. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba Baring hakujua. Juni 1957 mwanasheria mkuu wake, Eric Griffith-Jones, alimwandikia juu ya namna ya kuwapiga wafungwa wasiotii: wapigwe wapi, na nani, kwa utaratibu gani. Aliandika kwamba kama ni dhambi lazima waitende, basi waitende kimyakimya. Baring aliupeleka mpango ule kwa Lennox-Boyd, waziri wa makoloni, akiuunga mkono.

Mwisho wa njia hiyo ni Hola, karibu na Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kazi walipelekwa kuchimba mfereji, wakapigwa marungu mpaka watu 11 wakafa. Serikali ya Baring ilitangaza kwamba watu walikufa baada ya kunywa maji ya tangi. Maiti zilikuwa na mifupa iliyovunjika. Bunge la London liliwaka moto mwezi Julai, na kufikia mwisho wa mwaka Baring alikuwa ameondoka Kenya, muda wake umekwisha. Hakushtakiwa kwa lolote. Mwaka 1960 alitunukiwa cheo cha Baron Howick wa Glendale na kupewa uenyekiti wa Shirika la Maendeleo ya Makoloni.

Kuna jambo moja analosifiwa, nami silifichi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia Waafrika wengi kilimo cha kahawa na chai pamoja na hatimiliki za mashamba, na shirika lile aliloliongoza lilisaidia fedha za chai ya wakulima wadogo hapa kwetu. Lakini mashamba yalipimwa na kugawiwa upya wakati maelfu ya wenyewe wako kizuizini. Waliorudi walikuta mipaka imeshachorwa. Kesi za mashamba hayo zimewafikia wajukuu.

Baring alifariki mwaka 1973. Faili zake zilidumu kuliko yeye. Uhuru ulipokaribia nyaraka nyingi zilichomwa, nyingine zikasafirishwa kwa ndege, na kama faili 1,500 za Kenya zikakaa kimya Uingereza, katika jengo la serikali la Hanslope Park, hadi mwaka 2011. Zilifunguliwa kwa sababu wazee wetu wachache walikwenda mahakamani London. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwa Hola siku ile. Alipigwa akazimia, akawekwa pamoja na maiti. Ndiye aliyekwenda kuwaeleza majaji. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, zikiwemo fidia za watu 5,228.

Mkienda Nairobi, piteni Uhuru Park. Kuna mnara wa ukumbusho uliozinduliwa Septemba 2015 kutokana na makubaliano hayo. Mama anampa mpiganaji chakula, na nyuso zao zimegeuzwa pande mbili. Hawatazamani, ili siku akikamatwa mmoja asiwe na sura ya kumtajia Mzungu.

Sasa nakaribisha maswali. Naomba wazee watangulie.